Mti wa Bismillahi

Kwa miaka sita nilikuwa karani wa mfanyabiashara wa boriti, na kazi yangu ilikuwa kuandika, si kuhesabu. Nalitanguliza hili kwa sababu mambo yaliharibika siku moja tu, siku niliyoacha kalamu nikahesabu. Ofisi yetu ilikuwa Ndia Kuu, orofani, juu ya duka la vitambaa, na ngazi zake za mbao zililia sana hata tajiri wangu hakuhitaji kuuliza nani anapanda. Tajiri huyo alikuwa Muhindi, Muislamu, mzaliwa wa papa hapa mjini, mtu wa tambuu na tasbihi, na Kimvita chake kilikuwa kizuri kuliko cha baadhi yetu. Alihamia Kikachi, lugha ya wazee wake, alipokasirika tu.

Boriti ni miti ya mikoko. Hukatwa kwenye matope ya mito ya bahari, ikapakiwa mashuani, ikaletwa mjini kuezekea nyumba. Waarabu walikuwa wakija kila msimu kuinunua, maana kwao miti hakuna. Vita vya Wazungu vilipopamba moto wanunuzi hao wakawa adimu, na uwanja wetu karibu na bandari ya kale ukajaa boriti hata ukuta wa jirani ukaingia ufa. Jirani alikuja kulalamika kila Jumatatu, akanywa kahawa yetu, akaenda zake.

Aliyesimamia ukataji alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Mama alifariki mimi mdogo, sijaanza chuo cha Kurani, na mjomba ndiye aliyenilea nyumbani kwake Kuze, yeye na mkewe, ambao hawakujaaliwa mtoto. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye maneno machache na mzaha mkavu ambao wageni waliudhania ni ukali. Bamvua, yale maji makuu ya bahari, likiingia aliondoka na watu wake kwenda mitoni, kwa kuwa gogo la mkoko halitoki topeni ila maji yajae, mashua ilifikie. Maji yakipungua nguvu alirudi. Umri wake wote ulikwenda hivyo, siku kumi topeni na siku tano nyumbani, na sikupata kumsikia akiuliza kwa nini.

Wakati ninaousimulia alikuwa ameshapita sitini, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na donda. Mzizi wa mkoko ulimchoma chini ya goti, na tope na chumvi havikuuacha mguu upone. Akikaa nyumbani siku tano, donda lilianza kufunga. Akirudi mtoni, lilifunguka. Daktari wa hospitali alimwambia wazi: ama atoke topeni akae mahali pakavu, ama mguu utakwenda. Mjomba alinipa habari hiyo huku akifunga kilemba, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mguu wa meza. Mimi niliogopa sana, nikajitia kuuliza habari za samaki.

Hapo ndipo lilipoingia jambo la kiwanda cha sukari.

Kiwanda kilikuwa upande wa kusini, ng'ambo ya kivuko. Kwa kawaida kiwanda cha sukari hujilisha chenyewe. Muwa ukishakamuliwa hubaki makapi, na makapi hayo hayo hutiwa chini ya bwela, lile tangi kubwa la kuchemshia maji. Mvuke ukazungusha vinu, ukazungusha na dainamo ya umeme, stima ikapatikana bila mtu kununua hata kijiti. Taabu ilikuwa miwa ikisha. Miezi ile ya kungoja miwa mingine ikomae makapi hayakuwapo, na pampu za kumwagilia mashamba zilitaka stima, karakana ilitaka stima, na nyumba za wakubwa zilitaka taa. Kabla ya vita walichoma makaa ya mawe. Sasa makaa ya mawe yalikuwa ya meli na magari moshi, na sukari ikaambiwa isubiri.

Injinia wao alikuwa Mzungu mzee, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alipanda ngazi zetu akiwa na swali: je, miti ya msituni yaweza kuendesha bwela miezi ile yote, na ikalipa? Hilo neno "ikalipa" alilikariri. Alikuwa ameshajaribu miti ya misitu ya bara, lakini ile miepesi iliungua mara moja ikaisha, na ile mizito ilikuwa na maji, ikatoa moshi kuliko moto. Alipoonyeshwa mkoko mkavu aligonga ule mti kwa kidole, akaunusa, akakaa kitako kwenye kiti cha wateja.

Hesabu yake haikuwa ya moto, ilikuwa ya lori. Petroli ilikuwa ya kibali, na kibali chake kilitosha safari mbili kwa siku kutoka mtoni hadi kiwandani, basi. Kwa hiyo alitaka kujua mambo mawili: lori moja huchukua miti mingapi, na bwela hula miti mingapi kwa siku. Bwela likila mzigo wa safari mbili au pungufu, miti italipa. Likitaka zaidi, itahitajika safari ya tatu ambayo haina petroli, na hapo afadhali kiwanda kizime bwela kingoje miwa. Hilo la kuzima aliliweka katika hesabu pamoja na mengine, hakulionea haya. Nilipenda namna alivyofikiri, nami nikatamani aone kwamba naelewa.

Miti ikilipa, tajiri angepata kazi ya kuleta kuni kila mwaka. Na katika masharti aliyoyaomba yeye mwenyewe, sitamnyima haki yake, palikuwa na hili: mjomba awe msimamizi wa uwanja wa kuni kule kiwandani. Kibanda cha makuti, kiti, ardhi ya mchanga, kazi ya kuhesabu tu. Injinia alikubali pale pale. Tajiri alikuwa akingoja biashara, na sisi nyumbani Kuze tulikuwa tukingoja mguu.

Mke wa mjomba hakungoja hata majaribio. Alishona mto wa kukalia, akaujaza sufi.

"Atakaa kitako kama kadhi," akasema. "Nami nitapumzika kufua tope la miaka thelathini."

"Wataka kunipeleka kiwandani upumzike nami," mjomba akajibu.

"Wallahi ndilo nilitakalo," akasema, wakacheka wote wawili. Sikuwa nimewaona wakicheka pamoja tangu donda lianze kutoa harufu.

Majaribio yalifanywa papa hapa kisiwani. Bwela moja la kiwanda lilikuwa Mbaraki, kwenye banda la gatini, likitengenezwa kabla ya kuvushwa. Ilikubaliwa lichomwe kwa mikoko mitupu siku sita, asubuhi hadi jioni, dainamo ikizunguka na pampu moja ikivuta maji ya bahari na kuyarudisha baharini. Watoto wa Mbaraki waliona huo ndio wazimu wenyewe. Miti yote ilikatwa kwa urefu mmoja, dhiraa tatu, na lori likaileta kutoka uwanjani kwetu.

Siku ya kwanza injinia alikuja uwanjani kuona lori likipakiwa. Mjomba alisimama na bakora yake, kila mti uliopita akaugusa na kuhesabu kwa ile sauti yake ya kuvuta, na kila korija ikitimia, yaani miti ishirini, alitia kokoto mfukoni. Kokoto saba zilipoingia, spring za lori zilikuwa zimelala na dereva akakataa hata ufito. Injinia akaandika: korija saba. Safari mbili, korija kumi na nne. Huo ndio ukawa mpaka wetu.

Kisha mjomba akahamia Mbaraki, akakaa mbele ya mdomo wa bwela na bakora ile ile, akahesabu inayoingia. Siku ya kwanza ilitoka korija kumi na tatu na nusu. Ya pili vile vile. Ya tatu vile vile, ila mti mmoja. Injinia alisema ile nusu korija inayobaki inatosha kwa siku za mvua, kuni zikishika unyevu. Siku ya nne alimpa mjomba sigara, mjomba akaichukua kwa adabu na kumpa mchochezi wa moto. Mimi nilikuwa nikiandika. Kila jioni nilipeleka habari Kuze, na mke wa mjomba alinitaka nirudie zile nambari, ingawa hakujua korija kumi na tatu na nusu ni nyingi au chache.

Siku ya sita, adhuhuri, mjomba alikwenda kuswali na kubadilisha kitambaa cha donda. Mguu ulikuwa umevimba kwa kusimama, nikamwambia apumzike hadi jioni. Injinia akanitazama.

"Karani, shika bakora," akasema.

Nikashika. Nilihesabu kama nilivyofundishwa shule: moja, mbili, tatu, hadi ishirini, nikaweka kokoto. Tulipofunga jioni nilikuwa na korija saba na miti miwili. Alasiri za mjomba hazikupata kuzidi sita na robo tatu. Injinia alikuna kidevu, akasema labda kuni za mchana ule zilikuwa na unyevu. Zilikuwa kavu kauu. Nilizishika mwenyewe.

Nilirudi mjini kwa miguu, nikizisumbukia zile korija njia nzima. Nikajaribu kuhesabu hatua zangu kwa namna ya mjomba, nione anaharakisha wapi. Nikaanza kwa sauti yake: Bismillahi, moja, mbili, tatu. Nikasimama katikati ya njia, mtu wa mkokoteni akanitukana.

Katika uwanja wa boriti hakuna anayeuita mti wa kwanza "moja." Mti wa kwanza wa kila korija huguswa kwa jina la Mungu, na hauhesabiwi. Moja ni ule wa pili. Korija ya kwetu ilikuwa na miti ishirini na mmoja, na Waarabu walijua, na tajiri alijua, na mimi nililijua tangu utotoni bila kulifikiri hata siku moja. Kumwambia injinia kungekuwa kama kumwambia kuwa mti una ncha mbili. Yeye alisikia mzee anaanza kazi kwa kumtaja Mungu, akaona ni jambo jema, akaanza kuandika kutoka moja.

Basi nikapiga hesabu pale pale kando ya njia. Korija kumi na tatu na nusu za injinia zilikuwa miti mia mbili na sabini. Ukiongeza ya Bismillahi, miti mia mbili themanini na mitatu na nusu. Korija kumi na nne ni mia mbili na themanini. Tulikuwa tumevuka mpaka kwa miti mitatu na nusu.

Mtu mwenye akili angekwenda nyumbani akamuuliza mjomba wake. Nyumba yenyewe ilikuwa mbele yangu, na yeye alikuwa amekaa barazani amenyosha mguu. Nilimpa salamu, nikapita ndani, nikala, nikanyamaza. Sina udhuru. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimesoma, na nimegundua kosa ambalo Mzungu mwenye miwani hakuliona. Nilijiambia kwamba kunyamaza kwangu kutakuwa hiana. Uaminifu ulikuwamo, sikatai, lakini ulikuwa nyuma. Kilichotangulia kilikuwa kimbelembele.

Asubuhi yake tulikutana ofisini. Injinia alikuwa na karatasi zake, tajiri alikuwa ameshaagiza chai ya maziwa na mkate wa mofa, na mjomba alikaa karibu na mlango kwenye kiti cha chini, mguu ameunyosha mbele. Injinia alisema kwa hesabu yake miti inalipa, ila ile alasiri moja ingali yamsumbua. Hapo nikasimama. Hakuna aliyeniambia nisimame.

Nikaeleza yote: mti wa kwanza, Bismillahi, ishirini na mmoja. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, nikitaja nambari bila kutazama karatasi. Injinia alimgeukia mjomba.

"Ni kweli, mzee?"

"Yuwasema kweli," mjomba akasema. "Wa kwanza ni wa Bismillahi. Hauhesabiwi."

"Pale kwenye bwela, kila korija?"

Mjomba alifungua kinywa, lakini mimi nikamtangulia. "Kila korija, bwana," nikasema. "Siku zote."

Mjomba akanitazama. Kisha akafunga kinywa, akatazama mguu wake. Injinia aliandika upya, mstari mmoja, akapiga jumla, akanipa mkono. Akasema karani kama mimi ni wa kumshika, maana mwingine angenyamaza. Wallahi nilifurahi. Mpaka leo nakumbuka joto lililonipanda masikioni.

Tajiri alichelewa kuelewa. Alipoelewa aliweka kikombe chini.

"Miti mitatu?" akasema. "Kwa ajili ya miti mitatu? Mitatu nitakupa bure kila siku, bwana, mpaka nife."

"Si bei," injinia akasema. "Itapanda nini? Lori limejaa."

"Tulijaze zaidi."

"Dereva alikataa, nilimsikia. Na mvua ikinyesha haitakuwa mitatu, itakuwa thelathini."

Hapo tajiri akahamia Kikachi. Injinia alingoja amalize, akamshukuru, akamshukuru na mjomba kwa lafudhi yake ya ajabu, akateremka ngazi. Kiwanda kiliamua kuzima bwela miezi ya kungoja miwa. Kwa zile nambari zilizokuwa mbele yake, mimi pia ningeamua hivyo.

Tulirudi Kuze pamoja, polepole kwa sababu ya mguu, mjomba akasalimiana na kila mtu njiani kama siku zote. Aliyenisema ni mkewe. Alingoja mume wake aende msikitini, akaja akasimama mlangoni mwa chumba changu.

"Umemrudisha topeni," akasema.

"Ilikuwa haki, shangazi," nikasema. Nilimwita shangazi, ingawa si shangazi wangu.

"Sijui haki ya miti. Mimi nimekulea, nawe ulijua tangu jioni, ukala wali wangu ukanyamaza. Ungemwambia yeye kwanza."

Kwa mwezi mzima aliniandalia chakula na kukiweka mbele yangu bila kusema "karibu." Nilikila hivyo hivyo.

Bamvua lilipoingia mjomba akaenda mtoni, akarudi, akaenda tena. Aliufunga mguu kwa kipande cha mpira wa gari juu ya kitambaa, na tope likaingia vile vile. Nilimwomba tajiri ampe kazi ya uwanjani. Akasema uwanja umejaa boriti zisizonunuliwa, na anayezihesabu tayari yupo, ana watoto saba, amfukuze yeye? Alikuwa na haki. Wakati ule kila mtu alikuwa na haki, na mguu ulizidi kuwa mweusi.

Kisha, mvua za vuli zikikaribia, serikali ilinunua boriti zetu kidogo kwa mabanda ya askari. Nilitumwa uwanjani na hati ya kutiwa sahihi. Lori lilikuwa lile lile na dereva yule yule. Nilikaa kwenye kizingiti kungoja, yule mhesabu wa uwanjani akianza kazi, bakora mkononi, na mti wa kwanza ukapita.

"Bismillahi," akasema. "Moja. Mbili."

Nilikuwa nimesikia maneno hayo mara elfu. Lakini safari hii nilikuwa nikitazama lori. Kokoto saba zikaingia, spring zikalala, dereva akakataa ufito. Korija saba. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia, ingawa haikuhitaji kurudiwa. Lori halikubeba miti mia na arubaini. Lilibeba mia na arubaini na saba. Safari mbili, mia mbili tisini na nne. Bwela lilitaka mia mbili themanini na mitatu na nusu.

Kosa lilikuwa kote kuwili, kwenye lori na kwenye bwela, kwa hiyo halikuwa kosa. Kwa korija ya kwetu lori lilileta kumi na nne na bwela likala kumi na tatu na nusu, na ile nusu ya siku za mvua ilikuwapo muda wote, bila kupungua hata mti mmoja. Mjomba alikuwa amehesabu sawasawa kote. Mimi ndiye niliyeongeza miti upande wa bwela na kusahau upande wa lori, nikapewa mkono kwa kazi hiyo.

Nilimwandikia injinia siku ile ile. Jibu lilichukua wiki nyingi, kwa sababu alikuwa amehamishiwa bara. Lilikuwa fupi na la kiungwana. Alisema hesabu yangu mpya ni sahihi, na kosa la lori ni lake pia, maana alikuwapo likipakiwa. Lakini bwela la Mbaraki lilikuwa limeshauzwa kwa wapasua mbao, na wenye kiwanda hawakutaka kulisikia jambo hilo tena. Alinitakia kheri.

Barua hiyo ilinikuta mjomba ameshalazwa. Watu wake walimleta kutoka mtoni amelala ndani ya mashua, juu ya boriti, na daktari alipofungua kitambaa hakuuliza maswali. Walipanga kuukata mguu asubuhi ya pili yake. Nilikwenda kumtazama alasiri. Mkewe alikuwa ametoka kwenda kuchota maji, na mjomba alikuwa macho, uso umemnywea, harufu ya dawa ikikabiliana na harufu nyingine. Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mjomba," nikasema, "lile lori siku ile. Korija zake nazo zilikuwa na Bismillahi."

"Naam," akasema.

"Ulijua?"

"Nimehesabu mimi, nisijue?"

"Siku ile ofisini, nilipokuwa nasema, ulijua?"

"Ulipokuwa ukisema ndipo lori liliponijia akilini. Nikataka kunena."

"Mbona hukunena?"

"Ushasema mbele za watu, mwanangu. Mzungu yuwakusifu, tajiri yuwakutazama. Nami ninyanyuke niseme huyu niliyemlea hakujua kuhesabu?" Akapapasa shuka. "Nilidhani donda litapona."

Nililia, sikujificha. Yeye akawa ananipigapiga mkono kama mtu anayembembeleza mtoto wa jirani, hajui wazazi wake watarudi lini. Mkewe aliporudi alitukuta hivyo. Alidhani nalilia mguu tu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akaniita kwa upole, akanipa maji ninawe uso.

Waliukata chini ya paja. Kwetu kiungo kilichokatwa hakitupwi, huzikwa, na mimi ndiye niliyeitwa kukabidhiwa. Mwalimu wa madrasa alinielekeza: usioshwe, usiswaliwe, ufungwe nguo safi, ufukiwe makaburini. Nikaufunga kwa shuka jeupe la mke wa mjomba, nikaubeba kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani.

Nilipita vichochoroni. Watu waliona nimebeba kitu cheupe, kifupi, wakadhani ni maiti ya mtoto mchanga. Wenye maduka walisimama. Wanaume wawili niliowajua kwa sura tu walinifuata hatua arubaini kwa kutaka thawabu, mmoja akanishika bega akaniambia Mungu atanipa mwingine. Niliona haya kuwaeleza. Nikaitikia amin, wakarudi.

Nilichimba mwenyewe, ubavuni mwa kaburi la mama, nikachimba kwa kina kuliko ilivyohitajika. Niliporudi hospitali mikono yangu ilikuwa bado na mchanga. Mjomba alikuwa ameamka. Hakuuliza nani alinisaidia, wala watu walisema nini. Aliuliza nimeuzika wapi, nikamwambia kwa dada yake. Akafumba macho, nikafikiri amelala, kisha akauliza tena, kwa sauti ndogo, kama pale ni pakavu. Nikamwambia ni pakavu.